Makosa ya Kiki

Kwa miaka minne Stana alikula jasho la mdomo wake, akiwafundisha Kiingereza watoto ambao hakupata kuwashika mkono hata mara moja. Wao walikuwa China, yeye yuko Kikinda, mji mdogo wa Serbia, katika chumba alichokuwa akilala marehemu baba yake. Nyuma ya kiti alitundika shuka ya buluu yenye mawingu ili kabati la nguo lisionekane, akawasha kompyuta, akavaa tabasamu. Adhuhuri kwake ilikuwa jioni kwao. Watoto walikuja mmoja mmoja kwenye kioo, wameoga, wamekula, na yeye akawapitisha kwenye rangi, wanyama, matunda na salamu.

Zamani alifundisha shule ya mjini hapo hapo, mpaka madarasa yakaanza kufungwa kwa kukosa wanafunzi. Vijana wenye umri wa kuzaa walikwisha hamia Austria na Ujerumani.

"Mji umekauka watoto," mama yake, Ruža, alipenda kuwaambia majirani, "sasa binti yangu anawaagiza kutoka China kama viatu."

Kati ya watoto wote hao, aliyemkaa Stana moyoni alikuwa Kiki, wa miaka minane, mwenye hedifoni za masikio ya sungura. Jina la Kiki alijichagulia mwenyewe kwa ajili ya masomo. Alipoambiwa kwamba mwalimu wake anakaa mji uitwao Kikinda, alicheka hadi hedifoni zikamwanguka, na tangu siku hiyo akauhesabu mji kuwa wake. Kila Jumamosi aliuliza habari zake kabla ya kufungua kitabu.

"Ticha, mji wangu, yeye hajambo? Mvua, yeye alikuja?"

Ndivyo alivyosema. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, na katika Kiingereza hicho kila kitu kilikuwa na roho. Mvua "alikuja", meza "alivunjika", supu "alikuwa moto". Stana alimsahihisha na kumsahihisha, Kiki akarudia sawasawa, na Jumamosi ya pili meza akawa mtu tena.

Mwezi wa Machi Kiki hakutokea. Kampuni iliyowaunganisha ilituma neno moja tu, kwamba mwanafunzi huyo ameacha. Stana alisikitika siku kadhaa, kisha nafasi ya Kiki akapewa mvulana mmoja mpenda dinosaria, na maisha yakaendelea. Watoto wa kwenye kioo walikuwa na desturi hiyo, ya kuondoka bila kwaheri.

Novemba ilipoingia, bundi walikuwa wamekwisha jaa kwenye miti ya uwanjani kama kila mwaka, na watu wameshawazoea hata hawawatazami. Yule mvulana wa dinosaria alikuwa amehamishiwa siku nyingine. Asubuhi ya Jumamosi Stana alitazama ratiba yake, akaona nafasi ya adhuhuri imejazwa, na jina lililoandikwa ni Kiki.

Alifurahi kwa dhati. Alitoa kwenye sanduku yule tumbili wa kitambaa ambaye Kiki alimpenda, akachana nywele, akaketi mapema.

Kioo kilipofunguka, aliona kiti kile kile cha waridi, ukuta ule ule wenye nyota za kubandika, na hedifoni zile zile za masikio ya sungura. Ila aliyezivaa alikuwa mwanamke wa makamo, uso mwembamba, nywele zimefungwa nyuma kwa haraka. Aliandika kitu kwenye simu. Kisha aliiinua akaisogeza karibu na kamera, na simu ikatoa sauti ya mashine, kavu kama karatasi.

"Mimi ni mama yake Kiki. Kiki alifariki mwezi wa Machi kwa homa ya uti wa mgongo. Haikumpa hata wiki. Naomba unifundishe Kiingereza."

Tumbili alikuwa bado mkononi mwa Stana. Alimshusha polepole chini ya meza. Pole zake zilitoka vipande vipande, na mwanamke akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hafahamu, akaandika tena kwenye simu.

"Kampuni ilihifadhi masomo yake yote. Ninayo. Nayatazama kila siku. Anasema, anacheka, anakuuliza mambo, na mimi simwelewi. Mwanangu alikuwa na maneno ambayo mimi sina. Nataka kujua alikuwa anakwambia nini."

Stana alikubali. Angeanzia wapi kukataa? Kipindi kilipokwisha alikwenda jikoni, ambako Ruža alikuwa akichoma pilipili hoho za mwisho za msimu, moshi umetanda hadi darini. Alimweleza. Ruža alizima jiko, akapiga ishara ya msalaba.

"Na arobaini yake walifanya?"

"Mama, wale ni Wachina."

"Nimeuliza arobaini, sikuuliza kabila."

"Sijui, mama."

"Basi kuna mtoto anazunguka huko hajui aende wapi," Ruža alisema, akawasha jiko tena.

Mwanamke yule aliitwa Qiu Lan, lakini alisema hilo ni jina la kazini. Aliomba aitwe Mama Kiki, na ndivyo Stana alivyomwita. Walianza na kitabu cha kwanza kabisa, kile kile cha mtoto. Katikati ya juma Mama Kiki alisikiliza rekodi zake, na Jumamosi alikuja na alichokidaka. Alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Neno aliloambiwa mara moja halikumtoka tena.

Lakini alikuwa anajifunza kwa Kiki kuliko kwa Stana. Siku moja, kabla Krismasi haijafika, alitazama dirishani kwake akasema taratibu, kwa fahari, sentensi yake ya kwanza isiyotoka kitabuni.

"Ticha, mvua, yeye alikuja."

Mwili wa Stana ulisisimka. Halikuwa lile kosa peke yake. Mama yule aliinua sauti mwishoni mwa maneno kama alivyoinua mtoto, akavuta "Ticha" kwa namna ile ile, kama anayevuta mtu upindo wa nguo.

"Tunasema, mvua ilikuja," Stana alisema.

Mama Kiki aliinua kiganja. "Hapana, Ticha. Hiyo ya Kiki. Acha."

Kuanzia hapo wakawa na mkataba usioandikwa. Maneno mapya Stana angesahihisha apendavyo, lakini makosa ya Kiki yasiguswe.

Wiki chache baadaye, Ruža alirudi sokoni na kikapu cha kabeji, akasimama mlangoni mwa chumba huku mkono umeshika kitasa. Hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Alisubiri kipindi kiishe.

"We Stana, yule mtoto si ulisema amekufa?"

"Amekufa, mama. Huyo ni mama yake."

"Nimemsikia mtoto."

"Ni mama yake. Anaongea kama yeye kwa sababu amejifunza kwake."

Ruža alimtazama binti yake kwa muda. "Hata wewe rangi imekutoka," alisema, akaenda zake na kabeji zake.

Kufikia Januari walikuwa wamevuka sehemu za mwili, na Mama Kiki alikuwa akitaja kichwa, shingo na tumbo bila kubabaika. Vitabu vilikuwa vinakwisha. Stana aliona vyema ajitayarishe kwa rekodi ya mwisho, maana siku moja wangeifikia. Walimu nao waliruhusiwa kutazama masomo yao ya zamani. Asubuhi moja, kabla ya mwanafunzi wa kwanza, alimimina kahawa, akaifungua.

Somo la siku ile lilihusu ugonjwa. Ukurasani palikuwa na mvulana aliyelala kitandani na kipimajoto mdomoni, na chini yake swali: Una nini? Kiki alikuwa amekaa upande, jicho moja amelifumba nusu. Hakuuliza habari za mji wake. Hilo Stana hakulikumbuka.

"Una nini, Kiki?" aliuliza Stana wa kwenye rekodi, uchangamfu umemjaa usoni.

"Kichwa, yeye anauma, Ticha."

"Vizuri sana! Sema, kichwa kinaniuma."

"Kichwa kinaniuma."

"Hongera! Na nini kingine?"

"Mwanga, yeye ananichoma."

Stana wa kwenye rekodi alicheka. "Mwanga! Hiyo hata kitabuni haimo. Lakini tunasema unanichoma. Jamani, unaigiza vizuri kuliko watoto wangu wote." Akabonyeza, na nyota ya dhahabu ikaruka kwenye kioo kwa mlio wa kengele.

Kiki alilaza shavu juu ya meza. Masikio ya sungura yakalala upande. Ukurasa ukageuzwa, yakaja mapera na zabibu.

"Ticha, kichwa, yeye bado."

"Ukurasa huo tumeshaumaliza, kipenzi. Sasa tuko kwenye matunda. Hili ni nini?"

Mtoto alitaja matunda yote, moja baada ya jingine, shavu likiwa mezani.

Stana aliifunga rekodi. Kahawa ilipoa hadi ikafanya utando. Mwanafunzi wa kwanza aliita, akaita tena, mwisho akachoka.

Tangu asubuhi ile nyumba haikuwa ile tena. Birika lilipokaribia kuchemka lilisema yeye bado. Bomba la kipasha joto lilipogonga ukutani lilisema yeye bado. Mtoto mwingine yeyote akikohoa kwenye kioo, Stana alipotewa na neno alilokuwa analisema. Kuna siku alikuwa kwenye foleni ya mkate, msichana mdogo nyuma yake akamwambia mama yake kitu kwa Kiserbia, kitu cha kawaida kabisa, na Stana akageuka kwa nguvu hivi kwamba mtoto akajificha kwenye koti la mama yake. Usiku alilala vizuri, ajabu yake. Mchana ndio uliomtesa, hasa saa zile ambazo huko China jua lilikuwa linazama na watoto wanavaa hedifoni.

Na Jumamosi ilikuwa inakuja kila juma.

Alifanya alichofanya. Alimwambia Mama Kiki kwamba msingi haujakaza, wakarudi kwenye wanyama. Baada ya wanyama wakarudia rangi, na baada ya rangi wakarudia wanyama, safari hii na sauti zao. Mama Kiki alibweka alipoambiwa abweke. Hakulalamika. Februari yote wakaimaliza shambani, kati ya ng'ombe na bata.

"Ticha," aliuliza siku moja, kwa adabu, "kwa nini ng'ombe, yeye anarudi tena?"

"Ili usimsahau," Stana alisema, na uso ulimwaka.

Ruža hakuhitaji kuambiwa. Alimwona binti yake hali, anazunguka jikoni akifungua kabati na kulifunga. Mchana mmoja alimwekea mbele kikombe cha kahawa na glasi ndogo ya rakija, pombe yao kali ya matunda, akaketi.

"Kunywa, halafu useme."

Stana alisema yote. Ruža alisikiliza huku akikwangua nta iliyogandia kitambaa cha meza.

"Ungejuaje?" aliuliza mwishowe.

"Ningeacha kufundisha nikamtazama, ningejua."

"Pengine. Mimi baba yako alilalamika kifua Jumatano, nikamwambia apunguze nyama ya moshi. Kila mtu ana jumatano yake, mwanangu. Lakini hilo silo ninalokuuliza. Yule mama anataka nini?"

"Kumsikia mtoto wake."

"Na wewe umefanya nini?"

Stana aliizungusha glasi mezani.

"Umeshika ufunguo wa kaburi la mtoto wa mwenzio," Ruža alisema, "umeutia mfukoni, halafu unambwekesha mwenzio kama mbwa. Hiyo ya kwanza Mungu atakusamehe, maana hukujua. Hii ya pili unajua."

"Akinichukia je?"

"Akuchukie. Wewe nani usichukiwe?"

Jumamosi iliyofuata Stana alivaa blauzi nyeusi bila kukusudia, akaona hivyo tayari kioo kimefunguka. Alikuwa ametunga maneno. Hakupata nafasi ya kuyasema.

"Leo hakuna ng'ombe," Mama Kiki alisema. "Leo tunasikiliza, Ticha. Wewe na mimi."

Akabonyeza kitu, na hapo kwenye kioo akatokea Kiki, jicho amelifumba nusu, na pembeni yake Stana wa mwaka uliopita na uchangamfu wake. Walikuwa wanne sasa: wanawake wawili kimya, na yule mwalimu na yule mtoto wakiendelea na mazungumzo yao kana kwamba hawana habari. Stana alitamani kuangalia chini. Akajizuia. Kengele ya nyota ililia. Zabibu zikapita. Kiki alipomaliza matunda alisema "Kwaheri, Ticha" kwa sauti ndogo, mkono wa mtu mzima ukaingia kutoka pembeni ukazima kamera. Mkono ule ulikuwa na pete, na pete ile ile ilikuwa kwenye kidole cha Mama Kiki muda huu, akiizungusha.

"Nilidhani anaigiza," Stana alisema. "Mama Kiki, haki ya Mungu nilidhani ni mchezo wa kitabu. Aliniambia mara tatu. Mimi nikamsahihisha."

"Najua."

"Unajua?"

"Neno kichwa, ulinifundisha Januari. Nyumbani nikasikiliza tena. Nikaelewa." Alitafuta maneno yaliyosalia. "Wewe ukaleta wanyama. Mimi nikafurahi. Wanyama, wao ni salama."

Mama Kiki alisogea karibu na kamera.

"Nilikuchukia, Ticha. Wiki moja, wiki nyingine. Kila neno lako, nilikuchukia. Kisha nikafikiri, hakuna mtu mwingine duniani wa kuongea Kiingereza ya Kiki na mimi."

Alivua hedifoni, akazishika mapajani, sauti ikawa inatoka mbali zaidi.

"Kabla ya somo aliniambia. Lugha yetu. Mama, kichwa anauma, nataka kulala. Mimi nikasema, mvivu. Nikasema, Ticha anangoja, somo kwanza." Aliangalia pembeni, mahali ulipotokea ule mkono. "Nilikuwa hapa. Nimekaa hapa. Somo lote, nilimtazama, sikuelewa anasema nini. Nilikuona unacheka, nikafikiri, mtoto, yeye mzima. Ticha anacheka."

Nje ya dirisha la Stana kengele ya kanisa ilikuwa inapiga saa, ikamaliza.

"Nilitaka kujua kitu kimoja tu," Mama Kiki aliendelea. "Alikwambia mama yangu mbaya? Mama yangu amenilazimisha?"

"Hapana. Hakukutaja hata mara moja."

"Una hakika? Kuna neno pale sikulielewa, baada ya zabibu."

Walirudisha nyuma, wakasikiliza pamoja, mara kadhaa, masikio yamekazana. Lilikuwa neno "chungwa", alilitamka vibaya. Mama Kiki alilirudia kama lilivyo, na kosa lake, akaanza kulia, na Stana akalia, kila mmoja upande wake wa dunia, hakuna wa kumfuta mwenzake.

Mwezi huo wa Machi Ruža alichemsha ngano, akaisaga na njugu na sukari kama inavyofanywa kwa wafu, akaipeleka kanisani. Padri aliuliza jina la kuombewa.

"Kiki," Ruža alisema.

"Jina gani hilo? Amebatizwa?"

"Baba, mtoto wa miaka minane. Mungu atamtafuta kwa kamusi?"

Padri aliitazama ile ngano, akamtazama Ruža, akasoma.

Stana hakudumu kazini. Alianza kusimamisha masomo. Mtoto akisugua jicho, akilaza kichwa, akisema amechoka, Stana aliacha kitabu akaomba mzazi aitwe. Mara nyingi palikuwa hapana kitu. Mvulana mmoja aliyesema tumbo linamkata alikuwa amekula barafu tatu za maziwa kwa siri, na mama yake alikuja juu kwa kuaibishwa. Malalamiko yakarundikana, kampuni ikamwandikia kwa heshima kwamba njia zimetengana. Sasa anafundisha watu wazima wachache wa hapo mjini, wauguzi wanaojiandaa kwenda Ireland, ana kwa ana, mezani jikoni. Wanasema ni mwalimu mzuri ila ana tabia ya kukuuliza hujambo mara mbili, ya pili akikukazia macho.

Mama Kiki alibaki. Wanaongea kwa simu kila Jumamosi, bila kitabu na bila kampuni. Rekodi walizimaliza zote majira ya joto, kisha wakaanza upya, maana ndani ya sauti ya Kiki palikuwa na mengi waliyoyapita haraka: wimbo aliouvumisha akitafuta kalamu, mzozo wake na paka wa jirani. Stana alifasiri, Mama Kiki akarudia kwa makosa yake, na kwa saa ile moja chumba cha marehemu baba kilikuwa na mtoto ndani. Stana alikwisha acha kusisimka. Aliingoja saa hiyo.

Msimu wa pilipili uliporudi, Ruža alipita nyuma ya kiti cha binti yake na chupa ya pilipili iliyokwisha sagwa, bado ina joto, akainama mbele ya kamera ghafla. Alizungumza Kiserbia, kwa sauti ya juu, kama watu wanavyozungumza na viziwi.

"Mwambie huyu angekuwa karibu ningemnenepesha. Tazama shingo ile. Hata kuku wangu wa supu ana shingo kuliko yeye."

Stana alisita, kisha akatafsiri, na kuku pia.

Mama Kiki alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, kizito, chenye mikwaruzo ya sigara, cha mwanamke wa miaka arobaini aliyezaliwa akicheka namna hiyo, na Stana hakuwa amewahi kukisikia. Ruža naye akacheka, akaigongesha chupa yake kwenye kioo cha simu kama anayegonganisha glasi.

Stana alicheka pamoja nao. Alifurahi, kwa kweli alifurahi. Lakini kicheko kilipotulia alijikuta anasikiliza, sikio ameliinamisha kidogo, na chumbani hamkuwa na sauti nyingine isipokuwa ya wanawake watatu wazima. Alimtazama Mama Kiki, akaona kwamba yeye pia amenyamaza, naye anasikiliza.